Mwenye kiroba anadaiwa kibali, mwenye kiwanda anadaiwa nini?

Vijana wenzangu wa Terrat na Arusha kwa ujumla, leo tuongee kuhusu makopo. Wengine mtacheka, lakini kuna watu mtaani kwetu wanakula, wanalipa kodi ya chumba na kununua madaftari ya watoto kwa makopo ya maji, chupa na skrepa. Anayeokota anamuuzia mwenye mizani, mwenye mizani anajaza stoo, gari linakuja kubeba. Kila mmoja hapo anaishi kwa shilingi chache za faida kwenye kilo. Ukiongeza gharama yoyote juu, kiwanda hakipandishi bei. Inayoshuka ni bei ya kununulia mtaani, na wa kwanza kuumia ni yule mama mwenye kiroba.

Sasa angalia kanuni zinavyobadilika. Kwa Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka Hatarishi za mwaka 2021, anayekusanya, kuhifadhi, kusafirisha au kuuza chuma chakavu anatakiwa awe na kibali kupitia NEMC. Sababu inayotolewa ni wizi wa miundombinu: mita za maji, nyaya, vyuma vya reli, alama za barabarani. Hiyo hatuipingi. Mtu akikata nyaya za TANESCO ni sisi tunaolala giza, sio waziri.

Ila kibali cha namna hii kimekaa kwa ajili ya mtu mwenye yadi, lori na mhasibu. Kijana mwenye mkokoteni afanyeje? Ama aache kazi, ama aende kwa mkubwa mwenye kibali akauze kwa bei ya huyo mkubwa, bila kubishana. Wa tatu ndio wanaojificha na kununua usiku. Yaani sheria iliyokusudiwa kumwanika mwizi imempa kijana mwaminifu sababu ya kufanya kazi gizani kama mwizi.

Na tabia ya kubadilisha kanuni ghafla sio ya jana. Katazo la mifuko ya plastiki lilitangazwa bungeni na Waziri Mkuu tarehe 9 Aprili 2019, likaanza 1 Juni 2019. Siku 53! Wakenya walipopiga marufuku mifuko yao mwaka 2017 walipewa miezi sita. Katazo lenyewe lilikuwa zuri, mitaro yetu ni shahidi. Lakini mwenye duka na mama lishe walibaki na mzigo wa mifuko waliyoinunua kwa hela yao halali, na mtu akikutwa anatumia, faini inaanzia shilingi 30,000.

Kuna upande mwingine tunausahau, wa taasisi na vikundi vinavyotegemea taka hizi. Hapa Arusha wapo Shanga, walioanza 2007, wanaoajiri watu wenye ulemavu na kugeuza chupa kuukuu kuwa glasi, vyombo na shanga. Wapo pia akina mama wanaofanya usafi kwa vikundi. Kazi kama hizi zinataka malighafi iliyochambuliwa. Chupa ikishapandishwa kwenye gari moja na maganda ya ndizi, nepi na majivu, ikashindiliwa na kupelekwa dampo la Muriet, hapo jirani yetu, imekwisha. Tunalipia kuizika, wakati kuna mtu angelipwa kuitumia.

Halafu vikundi hivyohivyo vilitegemea ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali ikasitisha mikopo hiyo kwa sababu hela zilikuwa zinapotea, ikarudi 2024. Waliopoteza hela walikuwa wachache, wakaadhibiwa wote. Kikundi kilichokuwa kinasubiri kununua guta la kubebea taka kikaambiwa kingoje mfumo mpya.

Wakati huo anayetengeneza hizo chupa za plastiki anadaiwa nini? Kenya, kwa sheria yao ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022, wameandika kwamba anayeingiza bidhaa sokoni anawajibika na kifungashio chake mpaka kinapogeuka taka. Kwetu aliyeuza soda anahesabu faida, aliyeokota chupa anaulizwa karatasi.

Na wasituambie kibali rahisi hakiwezekani. Desemba 2018 serikali hiihii ya CCM ilitoa kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Tulilalamikia kilivyouzwa kwa kutishana, na tulikuwa na haki. Lakini kilithibitisha kwamba mtu mdogo anaweza kuandikishwa ofisi ya mtendaji, kwa bei moja, bila safari za kwenda na kurudi.

Basi waokotaji na wenye mizani ndogo waandikishwe hivyohivyo kwenye kata, na daftari la nani kauza nini likae hapohapo ili polisi wakitafuta nyaya zilizoibiwa wajue pa kuanzia. Zabuni za kuzoa taka zimpe mzoaji wajibu wa kutenganisha. Kanuni ikibadilika, watu wapewe miezi sita. Mkutano wa mtaa ukiitwa, twende na mwenye mkokoteni, tumpe nafasi aongee kwanza, na diwani ajibu mbele yake.