Rangi Laini Sio Ngozi ya Majivu

Wasee, hii mambo ya preseti za "muonekano wa filamu" imezidi. Fungua simu yako sasa hivi: picha za ruracio, za graduesheni, za mabeshte Uhuru Park, zote rangi zimepauka kama shati lililosahaulika kwa kamba. Sawa, mimi pia napenda rangi laini. Lakini hebu angalia nyuso. Ngozi imekuwa kijivu, ni kama watu wameamka bila mafuta. Na chini wanaandika ati ni sanaa.

Shida iko hapa. Preseti nyingi zinapata huo upole kwa kushusha rangi ya chungwa. Sasa kahawia ni nini? Ni chungwa yenye mwanga mdogo. Ukishusha chungwa, umeshusha uso wa mtu wetu. Ukuta unapendeza, sofa inapendeza, mwenye picha amekuwa majivu.

Na filamu yenyewe haifanyi hivyo. Msee anayepiga Kodak Portra 400 akitaka rangi tulivu hanyimi picha rangi, anaipa mwanga zaidi. Anaweka kamera ISO 200 badala ya 400, anapima mwanga kwenye kivuli, anapiga mahali jua halichomi moja kwa moja. Hiyo filamu inavumilia mwanga mwingi. Vivuli vinafunguka, ukali unapungua, rangi zinatulia, na ngozi bado iko na joto lake.

Najua utaniambia, "Buda, ni stailo tu, wacha kuleta siasa." Siasa ilikuwa hapo kitambo. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, na kwenye kadi alikuwa mwanamke mzungu. Yeye akitoka poa, kazi imeisha. Wewe ukitoka kivuli chenye meno, shauri yako. Na unajua malalamiko yaliyosukuma Kodak kuboresha kahawia yalitoka kwa nani? Kampuni za chokoleti na za fanicha za mbao. Meza ilisikizwa kabla ya shosho yako! Leo filamu imeboreka, halafu sisi wenyewe tunalipia preseti iturudishe kulekule? Zii.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Nairobi tuko na mwanga laini wa bure. Julai wingu linafunika mji siku nzima na sisi kazi ni kulalamika baridi. Studio zinanunua masanduku ya kulainisha taa ili kuiga hilo wingu. Wewe umelala chini ya blanketi ukitafuta preseti.

Kwa hivyo, ukipiga filamu, ipe mwanga. Ukipiga na simu, simamisha mtu kwa veranda au kando ya dirisha, gusa uso wake kwenye skrini ndio simu ipime mwanga hapo. Ukihariri, punguza kijani, punguza bluu, cheza nazo vile unataka. Chungwa, wacha.

Na wewe unayeuza preseti, ijaribu kwanza kwa picha ya mamako. Akikuuliza kwa nini anakaa mgonjwa, hiyo usituuzie.