Kijana, ngumi zako zisiwe za kukodishwa

Hebu tuambiane ukweli. Una miaka 25, lakini ukipanda ngazi za ghorofa nne pale Kariakoo unahema kama babu yako. Kutwa uko kijiweni: drafti, mkeka wa kubeti, chipsi mayai na soda baridi. Kitambi ulichokuwa ukiwacheka vigogo sasa unacho wewe, tena huna hata shangingi la kukibebea!

Najua utajibu kwamba uwanja wa mtaani umeuzwa. Kweli, na waliouza tutaulizana nao. Lakini moyo wako hausubiri kesi ya kiwanja iishe. Mpira unataka watu 22 na uwanja mzima. Ngumi na mateke, mchezo uitwao kickboxing, unataka nafasi ya kunyoosha mguu tu.

Mchezo huu ulizaliwa Japani miaka ya 1960, kwa kuchanganya karate na ndondi za Thailand. Kaka zako waliujua kwenye mabanda ya video, kwa Van Damme na filamu yake Kickboxer ya mwaka 1989. Lakini darasa la mazoezi si sinema. Hapo hapavunjwi mtu pua. Unaruka kamba, unafungwa bendeji mikononi, unavaa glovu, unapiga gunia. Raundi dakika mbili au tatu, unapumzika moja, unarudi. Miguu, tumbo, mabega na mapafu vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Ukinyanyua vyuma peke yake utapata kifua cha kupigia picha, lakini pumzi utaazima kwa nani?

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 75 za mazoezi makali kwa wiki. Vipindi viwili vya dakika 40 vinakufikisha. Hivi kweli umekosa dakika 80 katika siku saba?

Ila fungua macho. Kama una shinikizo la damu au kifua kinakubana, muone daktari kwanza. Na mwalimu anayekuingiza ulingoni siku ya kwanza, bila kinga ya meno, mkimbie. Ubongo hauna spea. Mwalimu wa kweli atakufundisha kwanza kusimama, kupumua na kujikinga.

Sasa lililo zito. Ukishaiva, watakuja watu. Watakukuta kijiweni na kifua chako, watakupa fulana, nauli na elfu kumi, wakutume ukavuruge mkutano wa wenzako. Wakubwa hawatumi watoto wao kwa kazi hiyo. Uchaguzi ukiisha wao wanaapishwa, wewe unabaki na kesi mahakamani, na uliyempiga ni jirani yako mnayechota maji bomba moja. Nasema hivyo hata kwa wanaovaa rangi za chama chetu: atakayekuja kukukodi ngumi, mwambie hazina bei.

Nenda ukajifunze, kijana. Toa jasho, punguza tumbo, ulale usingizi. Jifunze kupiga, na ujifunze pia kumkatalia anayekutuma upige. Nchi hii ina madai mengi ya kudai, na madai hayadaiwi na watu wanaohema.