Daftari za mkonge zisiliwe na mchwa

Koo nyingi za Kigoma, Njombe na Songea, na za ng'ambo ya mpaka, Burundi na Msumbiji, zina mtu mmoja aliyekwenda mkonge asirudi. Ukiuliza, utaambiwa alikwenda manamba Tanga. Habari zinaishia hapo.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na waliozikata wengi hawakuwa wenyeji wa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo chao cha kusaka vibarua mikoani. Kibarua alitambuliwa kwa namba, na jina la manamba likatoka humo.

Namba hiyo ndiyo inayotufichia babu zetu. Karani aliandika jina alivyolisikia. Mrundi akijitaja Muha, nani wa kumbishia, na lugha zao zinakaribiana kiasi kile? Kipande, yaani kadi ya siku za kazi, kikijaa siku 30, mtu alilipwa, na mkataba ukiisha aliweza kuhamia shamba jingine kwa jina jingine. Aliyesilimu kambini alipata jina jipya kabisa. Akaoa Korogwe au Muheza, akalowea. Wajukuu wake leo wanaijua kambi tu.

Lakini kuna mahali pa kuanzia, na tunashangaa ni wachache wanaopajua. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa ya muumini iandikwe pembeni mwa ubatizo wake, hata akiolea mbali. Paroko aliyefungisha ndoa Tanga alipaswa kupeleka taarifa parokia alikobatizwa bwana harusi. Kwa hiyo mjukuu aliyeko Kasulu hana haja ya kupanda basi kwanza. Aombe daftari la ubatizo la parokia ya nyumbani, alitafute jina la babu, kisha asome pembeni. Huenda akakuta, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, jina la mwanamke asiyemjua na jina la parokia ya mkonge. Mstari huo mmoja unaweza kumpa shangazi na binamu ambao ukoo haukuwahi kuwahesabu.

Daftari za mashamba ziko katika hatari kubwa zaidi. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, baadaye yakauzwa tena kwa watu binafsi. Mnunuzi huhesabu mitambo na ekari; masanduku ya karatasi stoo hayana bei. Sisi tunasema daftari za vibarua za miaka ile ya umma ni kumbukumbu za umma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka tunayo tangu 2002. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka itume watu Tanga, wafungue stoo hizo, wapige picha kila ukurasa uliosalia. Wenye mashamba wawape funguo. Majimbo ya Kanisa nayo yapige picha vitabu vyao vya zamani, maana vingine vinashikwa na mikono mingi na karatasi imekwisha kulegea.

Na wazee wa kambini waulizwe mwaka huu: jina la utani la fulani, ngoma aliyocheza, kituo cha treni aliposhukia, nani alimzika. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa ana miaka 90 hivi.