Kelele Haina Kosa, Kosa ni la Programu Yangu

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nyumbani Mbumbuni. Mjomba wangu na jirani yake wanabishania mpaka, pale kwenye mkonge chini ya tuta la fanya juu. Akaniambia: "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Pima basi."

GPS ya simu kwa kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Wapima ardhi hupima fezi, yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake. Wimbi lenyewe ni maikrowevu ya megahezi 1575.42, urefu wake kama sentimita 19. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, baadhi ya simu hutoa vipimo hivyo vikiwa vibichi. Nikaandika kiprogramu.

Sasa kelele. Si zile za matatu! Ni mtikisiko wa elektroni unaoletwa na joto ndani ya resiva. Ishara ikiwa na nguvu mara 100 ya kelele, fezi huyumba takriban digrii 4. Hiyo ni milimita 2 tu. Ukitafuta wastani wa vipimo 100, inapungua mara 10.

Mbona basi vipimo vyangu viliruka? Nilijumlisha digrii kama mtu anayehesabu mbuzi. Nilipoondoa mwendo wa setilaiti, fezi ikabaki karibu na sifuri, na kelele ikaisukuma huku na huku: 359, kisha 1. Programu ikasema wastani ni 180. Nusu mzunguko, sentimita 9.5! Jibu ni 0. Dawa: tafuta wastani wa sini na kosini za pembe, kisha tumia atan2.

Tena huku karibu na ikweta, baada ya jua kutua, ionosfia huweza kuyatikisa mawimbi hadi resiva ipoteze hesabu ya mizunguko. Hapo unakosea sentimita 19 nzima nzima, na wastani hausaidii.

Maoni yangu: sisi waandishi wa programu tunadanganya kwa desimali. Skrini yangu ilionyesha tarakimu saba baada ya nukta, na mjomba akaenda kuchukua jembe ang'oe mkonge. Kama ningeandika kando "huenda nimekosea kwa kiasi hiki", angeketi.

Nilimzuia. Mkonge bado upo, tunamngoja mpima ardhi mwenye leseni. Nawe je, programu yako inakiri makosa yake?