Volti 12 Kwenye Mita Haithibitishi Kitu

Katika vibanda vya kompyuta kuanzia Karurumo hadi Chuka, kuna hukumu isiyokatiwa rufaa: mita ikisoma volti 12, saplai ya umeme ya kompyuta ni nzima. Fundi hugusa waya wa manjano na mweusi, husoma namba, kisha humwambia mwenye saiba kwamba ubovu uko kwenye RAM au kwenye Windows. RAM inanunuliwa, na mashine inaendelea kuzimika katikati ya kazi. Imani hiyo ni potofu, na inawatoza watu fedha bure.

Mita ikiwekwa kwenye disii huonyesha wastani tu. Saplai hupokea stima ya volti 240, huinyoosha, kisha huikatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuishusha. Kazi hiyo huacha viwimbi na kelele kwenye umeme unaotoka, na kapasita ndizo huvituliza. Zikikauka kwa joto na umri, viwimbi hupanda, ilhali wastani unabaki 12 ileile. Ni kama kumwambia mkulima wa kahawa kwamba mvua ya mwaka ilitosha, ilhali yote ilinyesha wiki moja.

Mwongozo wa ATX, ule wa saplai za kompyuta, uko wazi: viwimbi na kelele visizidi milivolti 120 kutoka bonde hadi kilele kwenye laini ya volti 12, na milivolti 50 kwenye laini za 5 na 3.3. Kipimo hicho huchukuliwa kwa osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la umeme, kwa masafa ya hadi megahezi 20, saplai ikiwa imebeba mzigo. Bila mzigo, hata saplai iliyochoka huweza kuonekana tulivu. Waya wa ardhi wa kipimio nao uwe mfupi, la sivyo utanasa kelele za hewani na kuisingizia saplai.

Wapo wanaosema, "Ni stima za huku." Kweli stima zina matatizo yake: Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Lakini kompyuta mbili zikiwa kwenye ekstensheni moja, na moja tu ndiyo inayozimika, kuilaumu Kenya Power ni kukimbia kazi. Tena mashine zetu nyingi zimetumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kutufikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita mbovu zilipasuka katika kompyuta duniani kote, Dell OptiPlex zikiwemo. Umri na ubora wa kapasita si mambo ya kupuuza.

Wengine husema osiloskopu ni ghali. Basi mafundi wa soko moja wachange wanunue moja. Wasiitafute ile ndogo ya bei ya chini kabisa wakidhani imemaliza kazi, kwa maana nyingi haziyaoni masafa ya juu. Na asiye nayo bado ana njia ya uaminifu: afunge saplai nyingine anayojua ni nzima, aipe mashine kazi nzito, ndipo atoe hukumu.

Vyuo vyetu vya ufundi navyo visitoe cheti cha ukarabati wa kompyuta kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kupima viwimbi vya saplai iliyobeba mzigo. Wateja wanalipia uchunguzi. Wapewe uchunguzi.