Daktari wa Meno Bila Kiti

Imepata kusemwa katika vikao vingi kwamba wananchi wetu hawaendi kwa daktari wa meno mpaka jino limekwisha kuoza. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini mwananchi huyo hata akiwahi, mara nyingi atakachokikuta katika hospitali ya wilaya ni ganzi na koleo tu.

Nchi yetu ilianza kusomesha madaktari wa meno pale Muhimbili mwaka 1979. Leo kijana husoma miaka mitano, akaongeza mmoja wa utarajali, ndipo asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hujifunza kuziba jino, kutibu mzizi wake, kutengeneza meno ya bandia na kuunga taya lililovunjika. Ni elimu ya gharama kubwa, kwa Serikali na kwa mzazi.

Akibahatika kuajiriwa, hupelekwa wilayani. Huko, ikiwa kiti cha kutibia kimeharibika au kompresa haipo, elimu hiyo hulala. Kifaa cha kuchonga jino huendeshwa kwa hewa iliyobanwa. Pasipo hewa kifaa hicho hakifanyi kazi, na kuziba kwenyewe huwa kugumu. Basi jino la mtoto wa darasa la sita, ambalo lingemtumikia hata uzeeni, hung'olewa. Walimu wanawajua watoto hao: ndio wakaao nyuma wameshika shavu. Daktari naye, baada ya miaka kadhaa ya kung'oa tu, mkono wake husahau mengine. Akipata nafasi ya kuondoka huondoka, nasi twamwita msaliti. Sioni haki ya jina hilo.

Yuko na mwenziwe ambaye hakupangiwa popote. Huyo huambiwa ajiajiri. Ni ushauri mwepesi kwa mwenye mshahara kuutoa! Daktari wa meno hawezi kuanza na meza na mkoba. Yampasa kuwa na kiti, kompresa, mashine ya eksirei na chombo cha kuua vijidudu, na karibu vyote huagizwa kutoka ng'ambo. Benki yataka dhamana; yeye alichonacho ni shahada, na pengine deni la Bodi ya Mikopo.

Ndugu zetu wa mipango na utumishi katika halmashauri wanaweza kulirekebisha jambo hili. Kila nafasi ya daktari wa meno inapoingizwa katika ikama, kiti na fedha za matengenezo yake viingizwe katika bajeti ya mwaka huo huo. Fedha zikitosha kimoja tu, na tabibu wa meno yupo, kinunuliwe kiti kwanza. Na pale kiti kilipo, kinachofunikwa kitambaa saa tisa na nusu alasiri mpaka kesho yake, kwa nini kijana asiye na ajira asipewe mkataba wa kukitumia jioni, sehemu ya malipo ikainunulia hospitali vifaa vya kuzibia?