Shujaa wa Kutazamwa Mara ya Pili

Wako watu wasemao kwamba sinema ya shujaa mwenye nguvu za ajabu hufaa kurudiwa ukumbini kwa sababu mbili tu: kitambaa ni kipana na kishindo ni kikubwa. Nasi twasema: hayo ni maneno ya muuza tiketi. Kishindo hushtua mara moja. Mara ya pili sikio limekwisha kuzoea. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nani alinunuaye kwa sababu ya mvumo wake?

Jambo hili si dogo kwa watu wa Pwani. Mtu wa Kibaha akitaka ukumbi hasa wa sinema hushika Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40, mpaka Dar es Salaam. Wa Kisarawe hushuka kwa Pugu na Gongo la Mboto. Nauli ya kwenda na kurudi, tiketi, bisi na soda za watoto: hizo ni fedha za jikoni. Basi kabla ya kuzitoa mara ya pili, tuulize: twarudi kufuata nini?

Tuwatazame wazee wetu. Miaka ya 1950 ilipokuja picha ya Kihindi ya Awara, iliyotengenezwa mwaka 1951, watu wa Unguja na Dar es Salaam waliitazama wakairudia. Raj Kapoor hakuruka angani wala hakuinua gari kwa mkono mmoja. Alikuwa mwana wa hakimu, mama yake akafukuzwa naye angali tumboni, akakulia vichochoroni na kufunzwa wizi na jambazi. Na hakimu yule ndiye aliyeshikilia kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi! Je, ni damu au ni malezi? Swali hilo lilitoka ukumbini likaingia barazani na majumbani. Mjini Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na kina mama wale hawakulipia kishindo.

Ama mashujaa wa siku hizi ni wa namna mbili. Katika Superman ya mwaka 1978, mpenzi wa shujaa anakufa, naye anaurudisha wakati nyuma, msiba unakwisha. Shujaa awezaye kufuta msiba hana la kutufunza sisi tusioweza kuufuta hata mmoja. Lakini katika Spider-Man 2 ya mwaka 2004, kijana Peter Parker analizuia treni kwa mwili wake mpaka anazimia. Abiria wanambeba, wanauona uso wake: kumbe ni mtoto tu! Nao wanaificha siri yake. Mara ya kwanza mtu hutazama treni. Mara ya pili hutazama abiria.

Na katika Black Panther ya mwaka 2018, mfalme T'Challa anatambua kuwa baba yake alimuua ndugu yake mwenyewe na kumtelekeza yatima. Anamkabili baba, anamwambia alikosea. Ukiisha kujua hayo, adui uliyemchukia mwanzo utamwona tena kama mtoto aliyeachwa. Picha ni ile ile. Wewe ndiye uliyebadilika.

Wafanyabiashara nao hawakulala. Avengers: Endgame ilitoka Aprili 2019, mwishoni mwa Juni mwaka huo huo wakairudisha ukumbini na vipande vichache vilivyobandikwa baada ya majina ya mwisho, ili aliyekwisha lipa alipe tena. Picha ile ina shujaa atoaye roho yake ili wengine waishi, na hilo lingetosha kumrudisha mtu. Mbona basi kumtega kwa mkia? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Watajibu: “Burudani ni burudani, mwacheni mtoto acheke.” Na acheke! Lakini hakuna mtoto atakayeiga kuruka angani. Ataiga jinsi mwenye nguvu anavyomtendea mnyonge.

Enyi wazazi wa Kibaha na Kisarawe, mtoto akiomba nauli ya mara ya pili, msimgombeze wala msimpe upesi. Muulizeni: stelingi alipoteza nini? Alimkosea nani, na kosa alilitengenezaje? Akijibu kwa kurusha ngumi hewani, mwambieni kuwa ameshiba. Akinyamaza akafikiri, mpeni nauli, na mwende naye.